Elikopta ya kuokoa raia iko wapi?

Sisi vijana wa Beni na Butembo, sauti ya elikopta tunaijua. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, tulizisikia. Za MONUSCO tunaziona Mavivi miaka na miaka. Za kuokoa raia ndizo hatuzione.

Kule Mukondi, Machi 2023, ADF waliua watu zaidi ya 40. Kwenye vijiji kama vile majeruhi anatoka kwa kipoyi, kisha pikipiki, kwenye matope, damu inaendelea kutoka.

Protection civile iko, lakini kwa jina. Tunaomba ipewe elikopta moja, ikae Mavivi, na muuguzi, na mafuta (bila mafuta ni chuma tu), na namba ya simu ya bure. Isigeuke taksi ya wakubwa: safari zake zitangazwe kila mwezi.

Mtasema itapigwa risasi. Kweli, hata ya MONUSCO ilipigwa Februari 2023, askari mmoja wa Afrika Kusini akafa. Basi itue Oicha ao Butembo, penye ulinzi, pikipiki ziifikie pale. Hata hivyo masaa yatapungua.

Waheshimiwa wabunge wetu, kikao cha bajeti ni Septemba. Mtaandika huo mstari, ao tuje kuwauliza mlangoni?