Aliyepima kwanza siye aliyeleta

Mji wa Runzewe, wilayani Bukombe, uko juu ya njia kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Nyakanazi, na kutoka hapo kuelekea Rusumo na Kabanga, mipakani mwa Rwanda na Burundi. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana. Katika ukanda huo wa dhahabu wamo wachimbaji wadogo wengi, ambao wameziacha familia zao mbali na ambao leo wana fedha na kesho hawana. Wamo pia wanawake wanaopika chakula, wanaoponda mawe na wanaoosha mchanga wa dhahabu, wakiitegemea fedha hiyo hiyo. Mahali pa namna hii virusi vya UKIMWI vilikuta njia imekwisha kufunguliwa.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 4.4 wanaishi na VVU. Kwa wanaume ni asilimia 3.0, kwa wanawake ni asilimia 5.6. Mwenye haraka atasema kwamba tarakimu hizo zinamshitaki mwanamke. La hasha. Maumbile ya mwanamke humfanya aambukizwe kwa urahisi zaidi, na unyonge wake wa mali humnyima nguvu ya kukataa au ya kudai kinga. Tarakimu hizo zinaeleza mzigo alioubeba, wala si kosa alilolitenda.

Lakini ziko nyumba ambamo hesabu hufanywa kinyume. Mwanamke mjamzito huenda kliniki, na huko hupimwa. Mumewe hakwenda, yuko machimboni, yuko safarini, au yuko nyumbani tu na hakuona sababu ya kwenda. Mke akirudi na majibu, yeye ndiye wa kwanza kujua katika nyumba ile, na kwa sababu hiyo peke yake huitwa mleta ugonjwa. Huu ni uonevu uliovikwa nguo ya hoja. Aliyepima kwanza siye aliyeleta. Aliyepima kwanza ndiye aliyetimiza wajibu wake kwa mtoto aliye tumboni, na alistahili shukrani.

Tabia hii ya kumtafuta mwanamke wa kulaumiwa haikuanza jana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichovuka mpaka kutoka Uganda. Maradhi ya watu wote yakaitwa kwa jina la kike. Katika nchi ya Usukuma nako, vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi miaka nenda miaka rudi, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kila kifo kilipokosa maelezo. Kikongwe aliyeuawa na mama aliyefukuzwa kwa sababu ya VVU wameangukiwa na ujinga mmoja.

Mume akifa, mambo huzidi. Ndugu huja kuzika, kisha huja kuhesabu mabati. Mjane mwenye VVU huambiwa kwamba amemuua ndugu yao, na kwa maneno hayo hunyang'anywa nyumba na shamba. Hapa unyanyapaa umepata mshirika katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalomweka mjane pembeni ya mirathi ya mumewe. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki za wajane hao zimevunjwa, ikataka sheria irekebishwe. Bukombe ilikuwa sehemu ya mkoa huo wa Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Jambo hili, basi, si la mbali.

Wako wanaodai kwamba tukiiondoa aibu tutahimiza uasherati. Hoja hiyo haina mashiko. Aibu haikuwazuia watu kukutana gizani. Imewazuia kupima mchana. Utafiti huo tulioutaja unaonyesha kwamba katika watu wazima 100 wenye VVU, wapatao 83 ndio waliojua hali zao. Miongoni mwa waliojua, karibu wote walikuwa wakitumia dawa. Na miongoni mwa waliotumia dawa, zaidi ya 94 katika kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Dawa zimekuwa zikitolewa bure tangu mwaka 2004. Mtu ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mama anayetumia dawa sawasawa anaweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto aliye salama. Pengo kubwa, kwa hiyo, limebaki mlangoni pa kupimia, na anayelinda mlango huo usifunguliwe ni hofu ya kunyooshewa kidole. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumegeuka kumwumbua yule asiyeficha.

Sheria ipo. Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 imekataza unyanyapaa na ubaguzi, na imeagiza majibu ya vipimo yatunzwe kwa siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU. Lakini sheria haitembei yenyewe kutoka Dodoma hadi Runzewe. Hutembea kwa miguu ya watumishi wa umma.

Mhudumu wa afya anayelitoa jina la mgonjwa nje ya chumba cha dawa amevunja sheria, na amewafukuza wengine kumi waliokuwa njiani kuja. Mama aliyesemwa huanza kuzifuata dawa zake wilaya nyingine, nauli humshinda, na siku za kukosa dawa huongezeka. Mtendaji wa kijiji anayenyamaza mjane akitolewa nyumbani amekuwa mshiriki wa unyang'anyi. Mwalimu anayeacha mtoto atengwe dawati kwa sababu ya maradhi ya mama yake amefundisha somo baya kuliko yote yaliyomo katika mtaala; na walimu wanaomtenga mwenzao katika ofisi yao hawana haki ya kuwakaripia wanafunzi.

Tunataka wanaume waende kliniki pamoja na wake zao, na viongozi wawe wa kwanza kwenda. Tunataka mirathi ya wajane isimamiwe kwa haki, si kwa kelele za matanga. Nchi yetu ilitangaza zamani vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Unyanyapaa huwaunganisha maadui hao watatu dhidi ya mtu mmoja, naye mara nyingi ni mwanamke. Anayemtupia jiwe amekwisha kuchagua upande, hata kama mshahara wake unatoka katika hazina ya umma.