Biashara Huru na Haki ya Mfanyakazi



Nchi zikipatana kuondoa ushuru mipakani, mali hupita upesi na mnunuzi hufurahia bei nafuu. Lakini ni nani atakayemwangalia mtu aliyeitengeneza mali hiyo? Tajiri aweza kuhamisha kiwanda chake mpaka mahali penye mshahara mdogo, ambapo mfanyakazi hana ruhusa ya kusema. Ndiyo sababu mataifa kadhaa huandika masharti ya kazi pamoja na mapatano ya biashara. Je, masharti hayo yana nguvu? Tutazame Amerika ya Kaskazini.

Mwaka 1993 Kanada, Marekani na Meksiko zilitia sahihi mapatano ya kazi, nayo yakaanza tarehe 1 Januari 1994 pamoja na yale ya biashara huru. Kila nchi iliahidi kuzishika sheria zake yenyewe za kazi. Lakini mfanyakazi aliyezuiwa kuunda chama hakupata zaidi ya mazungumzo ya mawaziri, adhabu haikuwapo. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Tarehe 1 Julai 2020 mapatano mapya yalishika nafasi ya yale ya kwanza. Sasa kiwanda kimoja chaweza kushtakiwa, na kikionekana kuwanyima watu uhuru wa chama, mali yake yaweza kutozwa ushuru, hata kukataliwa mpakani.

Jambo hilo lilijaribiwa huko Silao, Meksiko, katika kiwanda cha magari cha General Motors. Aprili 2021 wafanyakazi waliitwa kupiga kura juu ya mkataba wao wa kazi. Karatasi za kura zikaonekana zimeharibiwa, na serikali ya Meksiko ikaisimamisha kura. Mwezi wa Mei Marekani ikadai uchunguzi kwa nguvu ya mapatano. Agosti kura ikarudiwa mbele ya watazamaji: 3,214 wakaukataa mkataba, 2,623 wakaukubali. Februari 2022 wakachagua chama kipya, na mwezi wa Mei chama hicho kikawapatia nyongeza ya mshahara ya 8.5 kwa mia.

Mapatano yalifungua mlango. Waliopita ni wafanyakazi wenyewe, kwa kura zao.

Bara letu la Afrika nalo limeanza biashara huru tangu tarehe 1 Januari 2021. Basi kila tusikiapo habari za mapatano, tuulize mambo mawili: nani atakayepokea malalamiko ya mfanyakazi, na ni adhabu gani itakayompata anayemdhulumu?