Sinema na Marafiki: Turudishieni Zanana Yetu



Leo mtuvumilie, tumekuja na moto kidogo. Kuna maneno yanazunguka kwenye vikao vya harusi, saluni, mpaka kwenye magrupu ya simu, kwamba mwanamke wa Kiislamu anayefuatana na wenzake kwenda kuangalia filamu hana haya. Na biharusi akitaka ndoa yenye baraka, ati jambo la kwanza la kuliacha ni "yale makundi ya sinema". Tumeyasikia mara nyingi tukanyamaza. Leo tunajibu.

Sisi ni wanawake sita. Wawili washoni, mmoja anauza kanga na madera, mmoja anaoka keki, mmoja anapaka hina, na mmoja ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Wanne tumeolewa. Tunacheza upatu pamoja, na kila tukienda Dar kununua mzigo Kariakoo tunalala kwa ndugu. Asubuhi vitambaa, mchana, tukijaaliwa nafasi, tunaingia sinema pale Mlimani City. Tunakaa safu moja na mabuibui yetu, bisi mkononi, filamu ikiisha tunatoka. Kesho yake tunapanda boti kurudi Unguja. Kosa letu zima ndilo hilo.

Sasa angalieni ajabu. Safari ile ile ya boti, siku ile ile, watu wale wale. Tukiwa Kariakoo tunasukumana na wachukuzi, tunabishana bei na wanaume wasiotujua, tunabanwa kwenye daladala, hakuna anayeuliza haya zetu ziko wapi. Kwa nini? Kwa sababu tunarudi na mzigo, na mzigo unalipa ada ya watoto. Lakini saa mbili tulizokaa kimya kwenye kiti, kila mmoja na mwenzake ubavuni, hizo ndizo fitna! Maana yake ni kwamba mwanamke akitoka kwenda kuchoka ni halali, akitoka kwenda kupumzika ni haramu. Nani katufundisha dini hii?

Tuseme kuhusu dini, maana ndiko wanakokimbilia

Hatujidai kuwa maulamaa. Sisi ni watu wa cherehani na mizani ya unga. Lakini tumekaa darsa, na tunajua kwamba mambo ya kawaida ya dunia asili yake ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kuyakataza. Tunajua pia kwamba filamu si kitu kimoja. Ipo chafu, ipo ya upuuzi, ipo ya kulia machozi na kumkumbuka mama yako. Tunajua masheikh wanakhitalifiana juu ya muziki, na anayejizuia kwa ajili hiyo tunamheshimu, hatumvuti mkono. Mwenye kuifuata dini kwa moyo wake si tunayegombana naye.

Tunayegombana naye ni yule anayesema Uislamu hautaki mwanamke aburudike. Huyo tunamkumbusha khabari ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo kwenye Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Wahabeshi walikuwa wanacheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri kwa shuka yake ili naye atazame. Akasimama naye, hakumharakisha, mpaka mwenyewe alipotosheka. Mbora wa viumbe alisimama kumsubiri mkewe amalize kutazama mchezo! Leo mume anayekesha kwenye banda la mpira anaona kumpa mkewe mchana mmoja ni kuporomoka kwa dini.

Na mpira huo tuuseme. Ligi ya Uingereza inajaza mabanda kila mwisho wa wiki. Wanaume wanakaa mpaka saa 5 na saa 6 za usiku, wanapiga kelele, wengine wanaweka dau, Isha inapita. Asubuhi hakuna kikao cha wazee kinachoitishwa. Hatusemi waume zetu wasiende. Waende, wana haki ya kupumua. Tunasema kipimo kiwe kimoja.

Tena tuingie ndani ya nyumba zetu. Tamthilia za Kituruki na za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili zinaangaliwa kila jioni, na baba, mama, mtoto wa darasa la pili na mkwe wote wako sebuleni. Busu likija, mmoja anakohoa, mwengine anajifanya anatafuta rimoti. Hiyo si haramu kwa sababu iko nyumbani? Picha haibadiliki hukumu kwa kuhama ukuta. Kama ni mbaya, ni mbaya na kwenye kochi letu. Sisi angalau tunaichagua filamu kabla ya kuilipia.

Bibi zetu walikwenda

Wanaosema "haya mambo ya sinema ni ya siku hizi, yameletwa na simu" hawajawahi kukaa na wazee wao. Unguja imejua sinema kabla ya baba zetu kuzaliwa. Pale Vuga palikuwa na Royal Theatre tangu mwaka 1921. Ikaungua moto, na mahali pake ikajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955. Filamu za Kihindi zilipokuwa zikija, mji mzima ulikuwa unazungumza habari moja. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, waulizeni bibi zenu, wako ambao mpaka leo wanauimba wimbo wake na Kihindi hawakijui.

Na walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: zanana. Onyesho la wanawake watupu. Wanawake walitoka kwa makundi, mama na binti, jirani na jirani, wamevaa vizuri chini ya mabuibui yao, wakaingia ukumbini ambamo hamna mwanamme wa kuwakodolea macho. Wakacheka kwa sauti, wakalia kwa sauti, wakarudi nyumbani wakasimuliana wiki nzima. Hawa ndio wanawake walewale tunaowataja kila siku kwa mfano wa haya na stara. Ndio waliotulea, wakatufunza kufunga ushungi. Kama sinema inavunja maadili, basi maadili yetu yametoka kwa nani?

Zanana haikufa kwa fatwa. Televisheni iliingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadaye zikaja kanda za video, na kumbi zikakosa watu moja baada ya moja. Majestic yenyewe ilikaa gofu miaka mingi, na wako wanaojitahidi kuifufua, Mungu awape nguvu. Tamasha la filamu la ZIFF lipo tangu 1998, linafanyika kwa mwaka mara moja, na maonyesho ya Ngome Kongwe huwa usiku, kwenye mchanganyiko wa watu. Wengi wetu saa hizo tunalaza watoto. Basi mwanamke wa kisiwani amebaki na simu yake kitandani, peke yake, anaangalia anachokijua yeye na Mola wake. Hiyo ndiyo stara?

Na wale wanaotuambia "mbona Arabuni hawaendi", waangalie tena. Muscat, ambako nusu yetu tuna shangazi na binamu, sinema ziko ndani ya maduka makubwa. Saudia kulikofungwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifungua tena Riyadh mwezi wa Aprili 2018. Hatusemi hao ndio kipimo cha dini yetu. Tunasema hoja hiyo imekwisha, watafute nyengine.

Na nyie mabiharusi wetu, hebu tucheke kidogo. Gauni mnaloliagiza kuliko yote kwa ajili ya kesha ni lipi? Anarkali! Limebana juu, likashuka kwa mapande mpaka kwenye visigino. Jina hilo ni la Anarkali wa kisa cha kale cha wafalme wa Mughal, na filamu ya Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, iliyochezwa na Madhubala, ndiyo iliyolipeleka jina hilo dunia nzima. Basi mama mkwe anayemkataza biharusi sinema, anakuja dukani kwetu kulipia mita saba za kitambaa ili mkwe wake avae sinema. Sisi tunashona, tunapokea pesa, tunamwombea kheri.

Wanachokiogopa si filamu

Tukiyachambua maneno yao, filamu haimo. Hawaulizi filamu gani, saa ngapi, na nani. Wanachokiogopa ni wanawake kukaa pamoja bila ya kazi ya kufanya. Tukikutana kupika biriani la harusi ya mtu, vizuri. Tukikutana kufua na kulaza wageni wa msiba, vizuri. Tukikutana kwa ajili yetu wenyewe, hapo inakuwa "kundi".

Tulikuwa saba. Wa saba wetu alipoposwa, upande wa mume ulituma neno kwa shangazi: wanamtaka, lakini aachane na wenzake wa sinema. Hakubishana, alikuwa anampenda mchumba wake. Sisi tukamshonea gauni, tukampaka hina, tukamlilia kwa furaha. Baada ya hapo simu zikapungua, akatoka kwenye upatu, akatoka kwenye grupu. Mwaka wa pili tukasikia sokoni, kwa muuza ndizi, kwamba amejifungua kwa operesheni na mtoto hakuishi. Alikuwa amelala wiki mbili nyumba ya tatu kutoka kwa mmoja wetu. Hakumpigia simu hata mmoja, kwa sababu alishaambiwa sisi ni watu wabaya, na aliona haya kuturudia na shida.

Ndiyo bei halisi ya neno "makundi ya sinema", dada zetu. Hakupoteza filamu. Alipoteza wa kumshika mkono. Na hao waliomtenga na sisi, siku ile walikuwa wapi? Mume yuko kazini, wifi ana watoto wake.

Kwa hivyo tunasema hivi

Kwa mabiharusi. Usimdanganye mumeo ukamwambia unakwenda darsa kumbe unakwenda kwengine. Hilo hatulikubali, na uongo huo ndio unaowapa watu mdomo. Sema mapema, wakati wa posa, kabla ya mahari kuhesabiwa: "Nina wenzangu, nakwenda nao mara moja kwa mwezi, nawe utajua niko wapi na nitarudi saa ngapi." Atakayeona neno hilo zito kipindi cha posa, ambapo kila mtu ana tabia njema, atakuonyesha mengi ndani ya ndoa.

Kwa waume. Muulize mkeo filamu ilikuwaje. Utaona atakavyokusimulia. Saa mbili alizokaa na wenzake anazirudisha nyumbani kwa uso uliokunjuka, na mwenye kufaidika ni wewe na wanao.

Kwa wanawake wenzetu wenye ndimi kali kuliko wanaume. Kama hutaki kwenda, usiende. Lakini usimsengenye anayekwenda, kisha ukajiita mlinzi wa dini. Kusengenya hakuna maulamaa wanaokhitalifiana juu yake.

Na kwa wenye kumbi na mahoteli hapa kisiwani. Turudishieni zanana. Hatuombi sadaka, sisi ni wateja. Tupeni mchana mmoja wa siku ya kazi, ambapo viti vyenu vimelala vitupu. Alasiri tunaiswali kwanza, filamu ianze saa 10 jioni na iishe saa 12, Magharibi itukute tumeshatoka. Mlangoni wakae wanawake. Simu ziwekwe mikobani, hakuna kupiga picha. Filamu ichaguliwe na kutazamwa mapema na wawili watatu tunaowaamini. Pawe na pembe ya mkeka kwa wenye watoto wachanga. Piga hesabu: wanawake 80 kwa shilingi 8,000 ni shilingi 640,000, na bado hamjauza bisi wala juisi ya ukwaju. Tuko tayari kuziuza tiketi sisi wenyewe, duka kwa duka, na anayetujua anajua kwamba tukisema tutauza, tunauza.

Zanana ikirudi, wa saba wetu tutamfuata mlangoni kwake. Tutamwomba mumewe kwa adabu, tutamwambia ni wanawake watupu, tuone safari hii watatoa sababu gani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na fitna za kweli, azilinde ndoa zetu, na asitutenge na wenye kutupenda kwa ajili Yake. Amin.

Wassalaam, na Ijumaa njema.