Daftari la Madrasa Nalo ni Kazi

Likizo ndefu ya vyuo inapokaribia hapa Kampala, vijana hunijia na swali moja: "Ustadhi, nani atanipokea kwa mafunzo ya kazi na sijawahi kufanya kazi popote?"

Mmoja, mwanafunzi wa uhasibu, aliandika kwenye wasifu wake kuwa alifanya kazi miezi sita dukani kwa ami yake. Ami yake hana duka! Nikamwuliza, daftari la michango ya madrasa umelishika muda gani? Miaka miwili. Mbona hukuliandika? Akacheka: "Ile nayo ni kazi?"

Kupokea fedha za watu, kutoa risiti, kufunga hesabu mbele ya wazee kila mwezi, kama si kazi ni nini? Tukafuta duka, tukaandika daftari. Akaipeleka barua ya chuo kwa mkono, ofisi baada ya ofisi. Ya saba ikampokea, bila malipo.

Hapo nanyi wazazi mnisikilize. Nafasi nyingi hazilipi hata nauli. Nauli ya miezi miwili ihesabuni pamoja na ada, muitenge kabla ya Juni.