Dawa za kwenye meza
Mwisho wa 2014 mpaka 2015, huko Ituri, mamia ya watu walipindika shingo na uso. Kwanza waganga walifikiri ni meninjiti. Kumbe ni vidonge: inje kuliandikwa diazepamu, ndani mulikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Tangu hapo inchi imepata sheria ya afya ya 2018, na ACOREP ya kuruhusu na kukagua dawa. Ni vizuri. Lakini mama mwenye mutoto wa homa ananunua sokoni, kidonge kimoja-kimoja, bila karatasi, juu feza ni kidogo. Pale nani anapita?

Serikali itume wakaguzi kwenye meza hizo, si kutafuta matabishi, ila kuchukua vidonge vikapimwe. Na majibu yasomwe kwa redio.