Chukudu na punda wa Lamu: urithi hauishi kwa sanamu tu

Katikati ya Goma kuna sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mwanaume na chukudu yake. Ilisimamishwa mwaka 2009 kwa heshima ya vijana wanaobeba makala, viazi na kabichi za Masisi na Rutshuru. Lakini sanamu haibebi mzigo. Je, chukudu yenyewe italindwa namna gani?

Wenzetu wa Lamu, kisiwa cha Kenya kwenye Bahari ya Hindi, wanaishi na swali kama hilo. Chukudu yao ni punda. Vichochoro vya mji wao wa zamani ni vyembamba, gari haipiti, basi punda ndiye anabeba mchanga, mawe na vyakula. Katika kazi hiyo mbio zilizaliwa. Wakati wa sherehe za Maulidi, vijana wanashindana juu ya punda kando ya bahari, na mji mzima unatoka kutazama.

UNESCO iliweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Punda nao wanatibiwa: shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza liko pale tangu 1987. Lakini nguzo kubwa ni kazi. Bila mizigo, nani atafuga punda mwaka mzima kwa ajili ya mbio za siku moja?

Hatari ilitokea mbali. Kuanzia 2016, Kenya ilifungua machinjio ya punda, ngozi zikapelekwa China kutengeneza dawa inayoitwa ejiao. Wizi wa punda ukaongezeka. Serikali ilifunga biashara hiyo mwaka 2020, mahakama ikaondoa katazo mwaka 2021, kisha Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi hizo barani. Hakuna aliyesema anataka kuua mbio za punda. Bei ya ngozi peke yake ilitosha kuzihatarisha.

Turudi kwetu. Kwenye mteremko wa Kibumba kuelekea Goma, anayefika sokoni mapema anauza vizuri. Mashindano yako ndani ya kazi: kujua kusawazisha mzigo, kupiga goti juu ya ubao, kufunga breki kabla ya kona. Ufundi huo haufundishwi shuleni. Kijana anaupata barabarani, nyuma ya mkubwa wake.

Na barabara njo inakufa. Vita vinafunga njia. Mwaka 2017, watafiti wa IPIS walihesabu karibu bariere 800 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Kila bariere inakula faida ya mwenye mzigo. Motari naye anafika haraka zaidi. Fundi akikosa mteja, mtoto wake hatajifunza kuchonga magurudumu.

Kuandaa mbio za chukudu siku ya soko ni wazo zuri, na halihitaji pesa nyingi. Lakini Lamu inatufundisha tuanze na kazi: njia iwe wazi, chukudu isilipishwe kwenye kila bariere, na miti ya mbao ngumu ipandwe kwa ajili ya mafundi. Viongozi wakifanya hayo, vijana watapanga mbio wenyewe.