Jina Lisianguke Katika Sanadi

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto akirudi na shahada ya kwanza ya chuo kikuu, wazazi humshukuru Mwenyezi Mungu, wakapika, wakawaalika majirani, na khabari ya masomo ikawa imekwisha. Lililobaki ni kazi, na baada ya kazi ni ndoa. Basi mtoto huyo akisema kuwa ataka kusoma miaka mingine miwili, au minne, au hata sita, na ya kuwa atakachosoma ni vijidudu visivyoonekana kwa jicho, nyumba huingiwa na mashaka. Baba huuliza kama atakuwa daktari; mtoto hujibu kuwa si daktari wa kutibu. Mama huuliza, basi atakuwa nani? Maswali haya si mabaya, na ni haki ya mzazi kuyauliza. Nasi mwezi huu twataka kuyajibu, kwani twaona jambo hili lina uzito katika dini kama lilivyo na uzito katika dunia.

Elimu tunazozisema ni mbili, nazo ni kama ndugu wawili. Ya kwanza ni mikrobiolojia, nayo ni elimu ya viumbe vidogo mno: bakteria, virusi, kuvu na wenziwe. Ya pili ni imunolojia, nayo ni elimu ya kinga ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka ndani ya miili yetu, jinsi inavyomtambua adui, inavyopigana naye, na inavyomkumbuka akirudi mara ya pili. Atakaye kuziona elimu hizi mbili zimekutana mahali pamoja, na autazame mkono wa mtoto wake, karibu na bega. Lile kovu dogo ni la chanjo ya kifua kikuu iitwayo BCG. Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliichukua bakteria ya kifua kikuu cha ng'ombe, wakaihamisha kutoka chakula hata chakula mara 230 kwa muda wa miaka 13, mpaka ikadhoofika, isiweze tena kumgonjesha mtu. Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo mwaka 1921. Hata leo chanjo hiyo huwakinga vyema watoto wachanga na kifua kikuu kikali cha ubongo, lakini haiwakingi watu wazima vya kutosha na kifua kikuu cha mapafu. Kwa nini? Jawabu kamili bado linatafutwa, na wanaolitafuta ndio hao wanaosoma elimu hizi.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya shahada ya kwanza na shahada za juu. Katika ya kwanza mwanafunzi hufundishwa yale yanayojulikana. Katika ya uzamili huanza kuonyeshwa mipaka ya yanayojulikana. Na katika ya uzamivu hutakiwa auvuke mpaka, alete jambo moja, hata likiwa dogo, ambalo hakuna aliyelijua kabla yake. Kwa hiyo masomo haya hayafanani na darasa la watu mia wanaomsikiliza mwalimu mmoja. Yafanana zaidi na desturi ya wanavyuoni wetu wa zamani: mwanafunzi humwendea shekhe mmoja, akakaa naye miaka, akaichukua elimu yake na adabu yake, mpaka akapewa ijaza. Kheri ya mwanafunzi huyo, na shari yake pia, hutegemea sana shekhe aliyemwendea.

Ndugu wasomaji, tutoe mfano mmoja wa kweli, maana mfano huu una mafunzo ya pande zote mbili.

Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, Marekani, alikuwako mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Albert Schatz, mwenye umri wa miaka 23. Alikuwa ametoka kutumikia katika hospitali za jeshi, na huko aliwaona askari wakifa kwa maradhi ambayo penisilini haikuyaweza. Mwalimu wake, Selman Waksman, alikuwa bingwa wa vijidudu vya udongo, na maabara yake ilikuwa na desturi ya kutafuta katika udongo vijidudu vinavyotoa kitu cha kuua vijidudu vingine. Schatz alitaka kutafuta dawa ya kifua kikuu. Kwa kuwa bakteria hiyo ni ya hatari, alipewa chumba cha chini ya ardhi, akafanya kazi humo peke yake, mchana na usiku, kwa malipo ya dola 40 kwa mwezi. Katika miezi michache alipata namna mbili za kijidudu kimoja: moja kutoka udongo wa shamba lililotiwa samadi, na nyingine kutoka koo la kuku, ambayo alipewa na mwanafunzi mwenziwe. Humo ikatoka streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kupigana na kifua kikuu kwa dhahiri.

Na watazame wazazi jambo hili. Dawa ile ilipatikana mikononi mwa mwanafunzi, mtu ambaye lau angekuwa katika mitaa yetu, jirani wangeuliza kwa nini hajapata kazi mpaka leo.

Lakini khabari haikuishia hapo. Mnamo Januari 1944 yalichapishwa maelezo ya kwanza ya dawa hiyo, na majina yake yalikuwa matatu: Schatz, Bugie na Waksman. Elizabeth Bugie alikuwa naye mwanafunzi wa shahada ya juu katika maabara ile. Ilipofika khabari ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, jina la Bugie halikuwamo; na katika ukoo wake imesimuliwa kuwa aliambiwa ya kwamba yeye ataolewa siku moja, na kwa hiyo jina lake kuwamo au kutokuwamo si kitu. Schatz naye alikubali kuiacha sehemu yake ya faida kwa ajili ya chuo, kisha akapata khabari kuwa mwalimu wake alikuwa akipokea fungu la faida hiyo. Mwaka 1950 alimshitaki mwalimu wake na chuo mahakamani. Mwaka ule ule wakapatana: akatambuliwa kuwa mshiriki katika uvumbuzi, akapewa asilimia 3 ya mrabaha. Hata hivyo mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa Waksman peke yake. Miaka mingi ikapita, na mwaka 1994 ndipo chuo kile kilipompa Schatz nishani yake ya heshima.

Uadilifu watutaka tuseme pia haki ya mwalimu. Waksman alikuwa ameusoma udongo kwa miongo kadhaa kabla ya mwanafunzi huyo kuingia mlangoni. Njia ya kutafuta ilikuwa yake, na fedha zilizotokana na hataza hiyo zilisaidia kujenga taasisi ya mikrobiolojia katika chuo kile. Hatumhukumu, wala hilo si letu. Lakini fadhila za mwalimu hazifuti haki ya mwanafunzi.

Na sisi Waislamu tungestahiki kulifahamu jambo hili kuliko watu wote. Wanavyuoni wetu wa hadithi waliijenga elimu yao juu ya sanadi, yaani mlolongo wa majina: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Jina moja likianguka katika mlolongo, hadithi hudhoofika. Na mtu anayeficha aliyempokelea, ili sanadi yake ionekane njema kuliko ilivyo, kitendo chake wamekiita tadlisi, wakakihesabu kuwa ni aibu. Wala hawakutazama kama mwenye jina ni mwanamume au mwanamke. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amo katika sanadi nyingi mno, na baada yake wamo wanawake wengi waliosomesha na kutoa ijaza. Basi watu wenye urithi kama huu hawafai kuwa wa kwanza kumwambia binti yao kuwa jina lake si kitu kwa sababu ataolewa.

Huenda msomaji akauliza: hayo ni mambo ya Marekani, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Streptomaisini ilipoanza kutumiwa peke yake, baada ya miezi michache bakteria za wagonjwa wengi ziliizoea, dawa ikashindwa. Ndipo ikajulikana kuwa kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja, bali kwa dawa kadhaa pamoja. Na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana hapa kwetu: tangu miaka ya 1950 watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walizijaribu dawa hizo kwa wagonjwa wa Kenya, Tanganyika na Uganda, na majaribio yao ya mwanzo wa miaka ya 1970 yalisaidia kuonyesha kuwa matibabu yaliyokuwa yakichukua mwaka mmoja na nusu yaweza kufupishwa yakawa miezi 6. Leo dunia nzima hufaidika na hayo. Na bado maradhi yenyewe hayajatutoka. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025, zimo Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Miili yetu ilikuwamo katika elimu hii tangu zamani, lakini mikono yetu bado ni michache.

Twapenda kumtaja Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, kuwa aliandika kitabu cha kupambanua ndui na surua. Ni haki yetu kumtaja. Lakini kujivunia waliotangulia hakumponyi mgonjwa wa leo. Wanavyuoni wamesema kuwa elimu ambayo watu hawana budi nayo katika maisha yao, kama utabibu, ni fardhi ya kifaya: wakiwako wa kutosha wanaoifanya, wengine huondokewa na lawama, wasipokuwako, lawama hutuenea sote. Sasa chanjo mpya inapoletwa mtaani, na watu wakaingiwa na hofu, na kila mtu akasema lake, ni nani katika jamaa zetu awezaye kusimama akaeleza imetengenezwa kwa nini, inafanya nini mwilini, na kipi ni kweli na kipi ni uzushi? Tukiwa hatuna mtu huyo, lawama si ya mwenye kuzua peke yake.

Basi kwa wazazi walio na mtoto mwenye hamu na uwezo wa njia hii, twatoa nasaha nne.

Kwanza, ulizieni khabari za msimamizi kabla ya kuulizia jina la chuo. Wanafunzi wake wangapi wamemaliza? Je, majina yao yamo katika makala zinazotoka katika maabara yake? Aliyewanyima wa jana hatampa wa kesho.

Pili, ulizieni gharama kwa uwazi. Elimu hizi husomeshwa karibu nasi, katika vyuo kama Muhimbili, Makerere na Nairobi, wala si lazima kila mtu avuke bahari. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa uzamivu wa elimu hizi husamehewa ada na kupewa posho. Penginepo huenda akahitaji mfadhili. Na wenye mali miongoni mwetu, wanaojenga msikiti wa tatu katika mtaa mmoja, na wafikirie pia wakfu wa kumsomesha mtu mmoja wa namna hii.

Tatu, kuweni na subira. Bakteria ya kifua kikuu hukua polepole mno. Mtafiti huipanda katika chakula chake, akangoja wiki tatu, hata nane, kabla ya kujua kama amefaulu. Mtoto akisema baada ya mwaka kuwa bado hajapata kitu, msimdhanie uvivu.

Nne, binti akiposwa naye yumo masomoni, jambo la masomo lisemwe kabla ya nikahi, wazi, mbele ya wazee wa pande mbili, lisiachwe kuwa ugomvi wa mwaka wa pili. Ndoa ni kheri na elimu ni kheri. Wenye nia njema huzipatanisha.

Na kwa mtoto mwenyewe tuna neno moja. Daftari la maabara ni amana. Andika ulichokiona, si ulichotamani kukiona. Andika na tarehe yake, na aliyekusaidia umtaje. Siku utakapokuwa wewe ndiye mwalimu, wanafunzi wako nao watakuwa na wazazi wanaongoja nyumbani, basi usiliangushe jina la hata mmoja wao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi wao subira, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa katika watu wanaompa kila mwenye haki haki yake. Amin.